Joto la Injini ya Motokaa

Wasomaji wetu wa Mahongole na Makambako wamezoea kuona lori limesimama kando ya barabara, boneti imefunuliwa, mvuke unapanda, na dereva ameshika kopo la maji. Makambako ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea. Katika maradhi ya motokaa yaonekanayo huko, leo twaeleza moja tu, yaani joto lipitalo kiasi. Huharibu injini kabisa, na mara nyingi lingalizuiwa kwa kazi ya dakika tano kila asubuhi.

Kwanza, joto latoka wapi? Petroli au dizeli ikiungua ndani ya silinda, moto wake waweza kupita digrii 2,000, na sehemu kubwa ya joto hilo haigeuki kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Kwa hiyo pampu husukuma maji kuzizunguka silinda. Maji hulichukua joto mpaka katika rejeta, hupozwa kwa upepo, kisha hurudi tena. Maji yakipungua, mkanda wa pampu ukikatika, au rejeta ikizibwa na kutu na matope, joto halina pa kwenda.

Tena kuna jambo la nchi yetu ya juu. Kila mama wa Njombe ajua ya kuwa maharagwe hukawia kuiva huko kuliko Dar es Salaam. Sababu yake ni hii: pwani maji huchemka kwa digrii 100, bali Njombe, karibu meta 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 93 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kina springi. Huyabana maji yaliyomo, nayo yakibanwa hayachemki upesi, hata yakipita digrii 100. Basi mtu azibaye rejeta kwa kitambaa ameipunguzia injini yake kinga kubwa, hasa apandapo mlima kama Kitonga akiwa na shehena.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama haya:

1. Maji yamejaa? Yakipungua kila siku, tafuta panapovuja. Usiridhike na kuongeza tu.
2. Mkanda umelegea au una nyufa? Badili kabla haujakatika.
3. Mipira ya maji imevimba au imekuwa laini mno?
4. Oili imefika alama ya kijiti chake?

Afadhali kutia dawa ya rejeta iitwayo kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Huzuia kutu, na katika miezi ya Juni na Julai, sakitu ikianguka Njombe, huzuia maji yasigande na kupasua chuma.

Mshale wa joto ukipanda njiani, simama upesi mahali salama, uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta! Maji yale yaliyobanwa hutoka kwa kishindo mara yapatapo nafasi, na wako watu waliounguzwa uso na macho kwa haraka ya dakika moja. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kizito, ukizungushe polepole. Wala usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwa maana chuma hupasuka kama chungu.

Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe usiokoma nyuma hata injini ikiwa imepata moto, na maji yapungua pasipo kuvuja, yaelekea gasketi ya silinda imeungua. Hapo usiendelee na safari, mwite fundi.

Walimu wawafundishe vijana habari hizi, na wenye magari wawaagize madereva wao. Kifuniko cha rejeta na mkanda ni vitu vya bei ndogo, bali injini mpya yaweza kumeza mavuno ya mwaka mzima. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.