HAKI ZA MTU KATIKA KATIBA
Somo kwa wazee wa sharika, wainjilisti na wasomaji wote



Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 22, twasoma jinsi Paulo alivyofungwa kwa kamba huko Yerusalemu, akawa karibu kupigwa mijeledi. Hakushindana na askari, wala hakuwatukana. Aliuliza neno moja tu: je, ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa? Jemadari aliposikia hayo akaogopa, nao waliotaka kumpiga wakamwacha. Haki ile Paulo alizaliwa nayo. Lakini siku ile ilimwokoa kwa sababu aliijua, tena aliitaja. Mwenye haki asiyoijua ni kama mtu alalaye njaa, na huku akiba yake imefukiwa chini ya kitanda chake. Basi leo na tujifunze haki tulizo nazo sisi wenyewe.

1. Katiba ni nini?

Katiba ni sheria iliyo mama wa sheria zote za nchi. Sheria yo yote ikipingana nayo, hiyo sheria ndiyo ishindwayo, si Katiba.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya mwaka 1977, lakini orodha ya haki za mtu haikuwamo tangu mwanzo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, viongozi waliona ya kuwa orodha ya namna hiyo ingeizuia serikali changa katika kazi yake. Ndipo mwaka 1984 Bunge likaitia katika Katiba, nayo ikaanza kutumika Machi 1985. Hata hivyo serikali ilipewa miaka mitatu ya kutengeneza sheria zake kwanza. Kwa hiyo watu hawakuweza kuzidai haki hizo mahakamani mpaka Machi 1988.

Haki zenyewe zimeandikwa toka ibara ya 12 hata ya 24. Humo mna usawa wa watu wote mbele ya sheria, haki ya kuishi, uhuru wa mtu kutofungwa bila njia ya sheria, usalama wa nyumba yake, uhuru wa kwenda atakako, uhuru wa kutoa maoni, uhuru wa kuamini dini aitakayo, uhuru wa kukutana na wenzake, haki ya kufanya kazi na kupata ujira ulio haki, na haki ya kumiliki mali. Zafuata ibara za wajibu, toka 25 hata 28: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma na kuilinda nchi. Msizisome za kwanza mkaziruka za pili. Nayo ibara ya 30 yasema ya kuwa haki ya mtu mmoja haina ruhusa ya kuvunja haki ya mwenziwe. Tena yasema ya kuwa mtu aonaye haki yake imevunjwa aweza kufungua shauri katika Mahakama Kuu.

2. Shauri la mama wa Kihaya

Labda mtu atasema, Maneno haya ni ya wakubwa wa mjini, yatuhusu nini sisi wakulima? Sikieni habari hii.

Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, alikuwako mama mmoja aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipokuwa mzee, naye hana mtu wa kumtunza, aliliuza shamba lile mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo wake. Mara mtu mmoja wa ukoo akaenda katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba, akadai ya kuwa uuzaji ule ni bure, kwa maana mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo.

Naye hakusema uongo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo hivyo: mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini asiliuze. Mwanamume akiliuza, jamaa walikuwa na njia ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Bali mwanamke akiliuza, hesabu yake ni kama hakuuza kitu. Mahakama ya mwanzo ikaifuata mila, ikaamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya wilaya ikaitangua hukumu ile. Basi shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye akatoa hukumu mwezi wa Februari 1990.

Jaji aliipima mila ile kwa Katiba. Ibara ya 13 yakataza ubaguzi, na mila ile ilimbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke. Tena Bunge lilikuwa limeagiza ya kuwa sheria za zamani sharti zisomwe kwa namna ipatanayo na haki hizi mpya. Kwa hiyo alihukumu ya kuwa mama yule alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume. Lakini angalieni: hakuuondoa ukoo. Aliacha njia ya kukomboa, akaifanya kuwa moja kwa wote, wanaume na wanawake. Yule aliyeshitaki akapewa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa shilingi 300,000; asipolipa, shamba ni la mnunuzi.

3. Mafundisho yake

Kwanza: haki iliyoandikwa hainyamazi mbele ya mila. Mila ni urithi mwema, nasi twaipenda; lakini mila nayo yapimwa. Wazee husema, Hivi ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Basi na wakumbuke binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu mlango wa 27, waliosimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao. Nao walihukumiwa kuwa wamesema haki.

Pili: haki haileti fujo, kama wengi waogopavyo. Ukoo ulibaki na njia ya kuhifadhi ardhi yake. Ulinyang'anywa neno moja tu, yaani kumwonea aliye dhaifu.

Tatu: haki haiji yenyewe. Kama mama yule angalikubali hukumu ya kwanza, akaenda nyumbani kulia, mila ile ingalibaki bila kuguswa. Shauri lake moja liliwafungulia wengine njia.

4. Yaliyosalia

Tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Mwaka 1999 sheria mbili mpya za ardhi zilithibitisha ya kuwa mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, na ya kuwa mila imnyimayo haki hiyo haina nguvu. Lakini wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba za waume zao kwa sheria ya mila ya urithi, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 majaji walikiri ya kuwa sheria ile yabagua, lakini wakakataa kuitangua, wakiogopa ya kuwa mila zote zitaanza kushitakiwa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa iangaliayo haki za wanawake iliona ya kuwa wajane wale walidhulumiwa.

Basi ndugu, angalieni mahali dhuluma inapoanzia. Haianzii Mwanza wala Dodoma. Yaanzia jioni ya mwisho wa matanga, wanaume wa ukoo wanapoketi kugawa vitu vya marehemu, na mjane yuko jikoni, hakuitwa. Wengi wa wanaume hao ni wazee wa sharika zetu. Nimeketi katika vikao hivyo; na nakiri ya kuwa mara nyingine nilinyamaza, nikasema moyoni, Haya ni mambo ya jamaa. Kunyamaza kule kulikuwa ni hukumu, nayo ilikuwa juu ya mjane.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Mwenye mali na aandike wosia mbele ya mashahidi angali hai na mwenye akili timamu. Mjane na aitwe kikaoni, asikiwe kabla ya mtu mwingine. Na mtu akidhulumiwa, asikatazwe kwenda mahakamani kana kwamba kudai haki ni dhambi. Paulo naye aliidai.

Maswali ya kujadiliana

1. Haki za mtu ziliingia lini katika Katiba ya Tanzania, na kwa nini hazikuwamo tangu mwanzo?
2. Jaji aliondoa nini katika mila ya Wahaya, na aliacha nini?
3. Je, katika usharika wako, mjane wa mwisho kufiwa aliitwa katika kikao cha urithi? Kama hakuitwa, ni nani atakayekwenda kumwuliza habari zake?