SOMO LA KIKUNDI: NDEGE ILIYOWAKA JUU YA SEATTLE

Ndugu wanavikundi, somo la leo linatoka mbali, lakini nawaomba mlisome polepole, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Ni habari ya ndege ya vita iliyoanguka ikiwa bado inajaribiwa.

Mwaka wa 1942 Marekani ilikuwa vitani na Japani na Ujerumani. Jeshi lao lilitaka ndege ya kuangusha mabomu, kubwa, yenye kwenda mbali kuliko zilizokuwepo. Kampuni ya Boeing mjini Seattle ikaunda za majaribio, zikaitwa XB-29. Ya kwanza iliruka tarehe 21 Septemba 1942. Sasa angalieni jambo hili: kabla hiyo moja haijaondoka ardhini, zaidi ya ndege 1,000 za aina hiyo zilikuwa zimeshaagizwa. Viwanda vinajengwa, watu wameandikwa kazi. Nani angethubutu kusema ngojeni kwanza?

Shida ilikuwa kwenye injini. Kila ndege ilikuwa na nne, na kila injini ilikuwa na silinda 18, safu mbili, moja nyuma ya nyingine. Upepo wa kupoza ulifika vizuri safu ya mbele. Ile ya nyuma ilichemka. Yeyote aliyesimama karibu na injini ya posho mili mchana wa jua kali anajua joto namna hiyo linaelekea wapi. Tena sehemu ya bodi ya injini ilikuwa ya magnesiamu, madini mepesi, lakini yakishika moto ni taabu kuyazima.

Rubani mkuu wa majaribio alikuwa Edmund Allen, waliyemwita Eddie. Tarehe 30 Desemba 1942 alirusha ndege ya pili kwa mara ya kwanza. Injini ikawaka, moshi ukajaa mpaka kwenye chumba cha rubani. Akaitua salama. Basi, injini zikabadilishwa, kazi ikaendelea.

Tarehe 18 Februari 1943 Allen akaruka tena na ndege hiyohiyo. Ilikuwa saa sita na dakika 9 mchana. Baada ya dakika chache injini ya kushoto ikashika moto. Wakauzima, au walidhani wameuzima, wakaanza kurudi uwanjani. Kumbe moto umeingia ndani ya bawa. Baadaye wachunguzi waliona dalili kwamba petroli ilikuwa imevuja kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Watu watatu waliruka nje, lakini ndege ilikuwa imeshuka mno, miavuli haikuwasaidia. Saa sita na dakika 26 ndege ikaangukia kiwanda cha nyama cha Frye. Wote 11 waliokuwa ndani walikufa, na huko chini watu wapatao 20, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda. Hao walikuwa kazini kwao tu. Ndege yenyewe ilikuwa siri ya jeshi, kwa hiyo hawakuambiwa ni kitu gani kinachopita juu ya vichwa vyao.

Kamati ya Seneti chini ya Seneta Harry Truman, aliyekuwa rais mwaka wa 1945, ilichunguza habari ya injini hizo. Iliwalaumu watengenezaji kwa ubora hafifu, na jeshi pia kwa kudai idadi kabla ya ubora. Mambo kadhaa yakarekebishwa. Hata hivyo ndege za B-29 ziliendelea kupata moto wa injini vitani, na ni mbili za aina hiyo zilizoangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945.

Mzungumze haya katika kikundi. Baada ya ule moshi wa Desemba, ni nani hasa aliyekuwa na uwezo wa kusimamisha kazi: rubani, kampuni au jeshi? Katika kikundi chenu, kuna kazi ambayo pesa zimeshalipwa na kila mtu anaogopa kusema haiendi vizuri? Na wale wa kiwanda cha nyama, nani alipaswa kuwauliza?