Jamii ya Kunde Katika Maisha ya Kisiwa cha Unguja

Bakuli moja la urojo linalouzwa jioni Forodhani, au katika kichochoro chochote cha Mji Mkongwe, hukusanya ndugu wa jamii moja ya mimea. Bajia zinazoelea juu yake zimetengenezwa kwa kunde zilizosagwa au kwa unga wa dengu. Ukali wa mchuzi wake, ikiwa mpishi hakutumia embe mbichi, umetokana na ukwaju. Kunde, dengu na ukwaju ni ndugu. Na ikiwa mlaji ameketi barazani, karibu na mlango wa mbao za mbambakofi, huku pembeni yake wazee wanacheza bao kwa komwe, basi amezungukwa na ndugu wengine wawili wa jamii hiyo hiyo.

Wataalamu wa mimea huiita jamii ya kunde, na imekwishahesabiwa kuwa na aina zaidi ya 19,000 duniani, kuanzia mimea itambaayo ardhini hadi miti mikubwa ya msituni. Alama yake iliyo wazi zaidi ni ganda: tunda refu lenye pande mbili zilizofungana, ambalo ndani yake mbegu hupangwa kwa safu. Anayetaka kuhakikisha na aweke pamoja ganda la choroko, ganda la ukwaju na lile ganda jeusi refu la mkrismasi ambalo watoto hulitikisa kama kayamba. Ukubwa ni mbali, lakini umbo ni moja. Mkrismasi wenyewe ni mgeni kutoka Bukini, ingawa maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka yameufanya uonekane mwenyeji.

Hapa Kiswahili kinastahili sifa. Lugha kadhaa za Ulaya huiita mbegu ya kahawa kwa jina lile lile la maharage, na mbegu ya kakao vivyo hivyo. Waswahili waliipa mbegu ya kahawa jina lake, buni, na hawakuichanganya na kunde. Nao wako sahihi, kwani mkahawa ni wa jamii nyengine kabisa. Vanila inayoonyeshwa wageni katika mashamba ya viungo ya Kizimbani nayo ina ganda linalofanana na la kunde, lakini mmea huo ni wa jamii ya okidi. Kinyume chake, karanga na njugu mawe, ambazo huzaa chini ya udongo na wengi huzihesabu pamoja na korosho, ni kunde halisi.

Katika chungu cha nyumbani mambo yanajulikana zaidi: mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi, mseto wa choroko kwa mchuzi wa samaki, maharage ya nazi kwa wali. Lisilojulikana sana ni safari za vyakula hivyo. Kunde ni Mwafrika. Mbaazi na choroko asili yao ni Bara Hindi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mbegu za choroko zilizoungua, pamoja na punje za mpunga, katika makaazi ya kale ya Komoro na ya pwani hii, za tangu karne ya 8 hadi ya 10. Maharage, ambayo leo huonekana ndiyo ya kawaida kuliko yote, ndiyo yaliyochelewa kufika. Nyumbani kwao ni Amerika, nayo yalivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao ndefu. Mpishi wa Unguja Ukuu wa miaka elfu moja iliyopita angeijua choroko, lakini haragwe angeligeuzageuza mkononi asijue la kulifanya.

Kila gramu 100 za kunde kavu zina takriban gramu 20 hadi 25 za protini, na ndiyo maana chakula hiki huitegemeza nyumba ambayo samaki au nyama haipatikani kila siku. Zina pia madini ya chuma, lakini chuma hicho huingia mwilini kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na mbaazi asubuhi huzidi kukizuia. Tone la limau juu ya mbaazi, au embe na chungwa baada ya chakula, hukisaidia kuingia. Mama mjamzito, na mtoto aliyeambiwa kituoni kuwa damu yake ni pungufu, wangefaidika kuikawiza chai kwa muda wa saa moja hivi. Mila ya mbaazi na chai ni tamu, na hakuna anayetaka kuivunja. Saa moja si nyingi.

Jamii hii imepita pia katika maghala na maduka ya Mji Mkongwe. Katika karne ya 19, pamoja na pembe na karafuu, Zanzibar ilisafirisha sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi ambao kwa wingi ulichimbwa ardhini katika pwani ya Bara. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliununua ili utengenezwe vanishi, na mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said uliipa nguvu biashara hiyo. Msandarusi ni mti wa jamii ya kunde. Ndivyo ulivyo na mbambakofi, ambao mafundi wa pwani waliupenda kwa milango kwa sababu mbao zake ni ngumu na wadudu hawaziwezi. Hata sonara anapomweleza mteja kuwa dhahabu ni ya karati 21 au 22, neno lake lina kunde ndani yake: asili yake ya mbali ni jina la Kigiriki la mbegu za kharubu, mti wa jamii hii uotao kando ya Bahari ya Kati, ambao mbegu zake zilitumika kupimia uzito.

Bao linahitaji maelezo yake peke yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambapo kila mchezaji huanza na 32. Kati ya hizo 10 hupangwa na 22 hubaki mkononi za kunamua. Kete bora ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na bahari na ambacho hata maganda yake yana miiba. Gamba la komwe ni gumu kiasi kwamba huweza kuelea baharini kwa muda mrefu lisioze. Huko Uskoti, mbegu za aina hiyo zilizosukumwa na mikondo kutoka nchi za joto ziliokotwa ufukweni na kuvalishwa watoto kama hirizi ya kuzuia kijicho. Ndiyo komwe zile zile ambazo barazani huchezewa hadi zikang’ara kwa mikono ya vizazi viwili.

Si kila mbegu nzuri, hata hivyo, ni ya kuchezea. Katika vichaka na kando ya njia huota mmea mwembamba utambaao, ambao ganda lake likipasuka huonyesha mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Wapo wanaoziita turituri. Nchini India ziliwahi kuwa mawe ya mizani ya masonara, na mahali pengi hutungwa shanga. Ndani yake mna sumu kali. Mbegu nzima ikimezwa, gamba lake gumu mara nyingi huizuia sumu isitoke, lakini iliyotafunwa au kutobolewa inaweza kuhatarisha maisha ya mtoto. Mtoto aliyetafuna mbegu hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama bado anacheza, kwani dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Na mbegu zilizobaki zichukuliwe ili mganga azione. Upupu, ndugu mwengine wa jamii hii, hauui kwa kuguswa, lakini nywele za ganda lake huwasha vikali, na aliyepatwa asijikune bali anawe kwa maji mengi.

Hata maharage ya kawaida yana sumu yanapokuwa mabichi, hasa yale mekundu. Siku hizi, kwa bei ya mkaa na gesi, wapo wanaoyaacha kwenye moto mdogo tangu mwanzo kwa ajili ya kubana matumizi. Moto mdogo peke yake hautoshi. Maharage yarowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguzwa moto. Kuroweka ndiko kunakopunguza mkaa, kwa sababu maharage yaliyolowa huiva mapema zaidi.

Lakini faida kubwa kuliko zote za jamii hii haionekani mezani wala barazani, kwa sababu imo chini ya udongo. Zaidi ya robo tatu ya hewa ni naitrojeni, chakula ambacho mahindi na muhogo haviwezi kukichukua hewani. Mizizi ya kunde ina vifundo vidogo wanamoishi bakteria wenye uwezo wa kuikamata naitrojeni hiyo na kuifanya mbolea. Wao huupa mmea naitrojeni, nao mmea huwapa sukari. Mwaka 1888 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walichapisha uthibitisho wa jambo hilo. Wakulima wa kisiwa hiki waliochanganya kunde na muhogo hawakuusubiri.

Jambo hili lina uzito wa pekee Unguja. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa ni uwanda na maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe yenye udongo haba. Upande wa magharibi, wenye udongo wa kina, ndiko pia nyumba zinakoongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja. Kipande kilichobaki nyuma ya nyumba, hata kikiwa cha hatua kumi kwa kumi, kinafaa kutunzwa kuliko zamani.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuing’oa kunde na mizizi yake baada ya kuvuna, kisha kuichoma moto pembezoni mwa shamba. Mkulima afanyaye hivyo anachoma mbolea aliyokwishaipata bure. Shina likatwe usawa wa ardhi, mizizi ioze mle mle, na majani yatandazwe juu ya udongo au apewe mbuzi, kisha samadi irudi shambani. Inafaa pia kujua kuwa si kila mti wa jamii hii una vifundo: mkwaju, mkrismasi na mjohoro havina, na anayeipanda kwa ajili ya kivuli asitarajie mbolea hiyo. Mlukina na grilisidia vinayo, na ua wa grilisidia ukipogolewa, majani yake ni mbolea nzuri ya migomba.

Kunde na choroko zikipandwa mwishoni mwa masika hukomaa katika muda wa miezi miwili hadi mitatu, na maganda hukauka mvua zikiwa zimepungua. Mbegu za akiba huliwa na fukusi, ambao mara nyingi huwa wameingia tangu shambani. Zikaushwe juani hadi ziwe ngumu kwenye jino, kisha zijazwe pomoni katika dumu kavu na kufungwa kabisa. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki na kufa. Dumu likifunguliwa kila siku kwa ajili ya kuchota, kazi yote hupotea. Kwa hivyo ya kula na ya kupanda yawekwe mbalimbali.

Wapo wanaolalamika kuwa kunde zao hazistawi na kuulaumu udongo au mvua. Wahenga walikwishasema kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kuna njia rahisi ya kupima. Katika wiki ya sita hivi baada ya kupanda, mmea mmoja ufukuliwe taratibu kwa jembe, usivutwe, na vifundo vya mizizi yake vikatwe kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visiwepo kabisa, mmea huo upelekwe na udongo wake kwa bwana shamba au bibi shamba, ambaye ofisi ya sheha humwelekeza mkaazi namna ya kumpata.