Waswahili Waliokaa Berlin

Wanafunzi wengi huniuliza maisha ya Ulaya yakoje. Swali hilo huja zaidi kutoka kwa wale wa Kidato cha Nne na cha Sita, ambao huziona picha za miji mikubwa na kudhani kwamba huko hakuna taabu. Mimi huwajibu kwamba tusiziulize picha, bali tuwaulize watu wa kwetu waliokaa huko. Watu hao walikuwako tangu zamani, hata kabla reli haijafika Kilosa. Katika somo hili nitaeleza habari za Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, na za Waswahili watatu waliopata kukaa katika mji huo. Nimeuchagua Berlin kwa sababu historia yake na historia ya wilaya yetu zimefungwa kwa kamba moja.

Usagara na Berlin

Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa Kijerumani, aliingia bara kutoka Saadani pamoja na wenzake. Kwa muda wa majuma machache tu alipita katika nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akiwataka majumbe watie alama zao katika karatasi. Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo majumbe hawakuijua. Usagara ndiyo nchi hii yetu, Kilosa na vilima vyake.

Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa mkutanoni Berlin, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hata tarehe 26 Februari 1885, yakiweka kanuni za kugawana Afrika. Siku moja baada ya mkutano kwisha, yaani tarehe 27 Februari, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zile nne. Hivyo karatasi za Usagara zilipata nguvu huko Berlin kabla wenye nchi hawajafahamu maana yake.

Baada ya hapo Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, walihitaji maofisa, wafanya biashara na wamisionari wanaojua Kiswahili. Kwa hiyo katika mwaka 1887 kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Berlin chuo cha lugha za Mashariki. Kiswahili kilifundishwa humo, na walimu wa kukisema kwa ufasaha walitafutwa pwani yetu. Huenda bwana shauri fulani aliyekuja kukaa katika boma la Kilosa alijifunza salamu zake za kwanza kutoka kwa Mswahili, katika darasa lenye baridi.

Watu watatu

Wa kwanza ni Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha katika chuo hicho tangu 1891 hata 1895. Aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za maisha ya Berlin, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1894 katika kitabu kilichotengenezwa na mwalimu C. G. Büttner.

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900. Yeye ndiye mwandishi mkubwa wa kitabu kiitwacho *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903.

Wa tatu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na ambaye huko Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alifika Berlin mwaka 1929.

Jua na saa

Jambo la kwanza analolikuta mgeni ni jua. Kilosa iko karibu na nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na kwa hiyo mchana wetu mrefu kabisa na mchana wetu mfupi kabisa hautofautiani hata kwa saa nzima. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jambo hilo: jua likichomoza, saa kumi na mbili imetimia; likipanda kidogo, ni saa moja.

Berlin iko nyuzi 52 kaskazini, na huko hesabu hiyo huharibika. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na halitui mpaka saa tatu na nusu usiku. Basi fikirini Mwislamu wa pwani akikaa huko. Wakati wa baridi sala ya adhuhuri, ya alasiri na ya magharibi zinafuatana upesi. Ramadhani ikiangukia Juni, mfungaji anangoja magharibi huku watoto wa jirani wamekwisha kulala.

Baada ya jua huja baridi. Mwezi wa Januari maji huganda mara nyingi, na mto Spree unaopita katikati ya mji hupata barafu katika miaka ya baridi kali. Sisi tunaujua mto Mkondoa ukifurika na kutisha mji wa Kilosa, na yule wa Mikumi analijua joto la mbuga kabla ya mvua. Lakini hatujaona mto ambao watu huweza kusimama juu yake.

Nyumba, moto na chakula

Katika mwaka 1890 Berlin ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Wengi hawakuwa na nyumba zao wenyewe, bali walipanga vyumba katika majumba ya orofa tano yaliyojengwa kuzunguka nyua. Uwanja wa mbele ulipata mwanga, lakini nyua za nyuma zilikuwa nyembamba na zenye giza. Mara nyingi jamaa kadhaa walitumia choo kimoja kwenye ngazi. Kwa hiyo msidhani kwamba kila mtu wa Ulaya aliishi katika jumba la kifalme.

Moto ulikuwa kazi ya kila siku. Chumba kilipashwa joto kwa jiko kubwa la vigae, na makaa ya mawe yalichukuliwa kwa ndoo kutoka chini ya nyumba mpaka orofani. Asiyekuwa na fedha ya makaa alilala na baridi. Huku kwetu maskini hukosa chakula. Huko aliweza kukosa chakula na joto pamoja.

Chakula cha kawaida kilikuwa mkate mzito wa rangi ya kahawia, viazi, kabichi na nyama ya nguruwe. Mwislamu ilimlazimu aulize kila sahani imepikwa kwa mafuta gani. Wali na samaki wa nazi vilibaki katika mawazo.

Njia na watu

Amur bin Nasur alipofika, magari mengi ya abiria yaliyopita juu ya reli za barabarani yalikuwa yakivutwa na farasi. Treni za moshi zilipita juu ya matao ya matofali katikati ya mji tangu mwaka 1882. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliikuta Berlin ikigeuka: mwaka 1902 ilifunguliwa reli ya umeme ambayo sehemu yake ilipita chini ya ardhi.

Magari hayo yalileta wepesi na hatari pia. Bibi Salme binti Said wa Unguja, aliyeitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani, alifiwa na mumewe mwaka 1870 kwa ajali ya gari la namna hiyo katika mji wa Hamburg. Aliachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Baadaye alikaa Berlin pia, na kitabu cha maisha yake kilichapishwa huko mwaka 1886.

Tena iko habari ya salamu. Huku kwetu mtu akipita bila kumwamkia mzee, huambiwa hana adabu. Katika mji wa watu milioni na zaidi haiwezekani kumwamkia kila mtu, na jirani wa mlango wa pili anaweza kuwa mgeni kwako kwa miaka. Mtu mweusi naye hakupita bila kutazamwa. Watu wetu walikwenda kuutazama mji, na mji ukawatazama wao.

Kazi na heshima

Sasa nafika kwenye jambo kubwa la somo hili. Mgeni anaweza kuzoea baridi, akazoea na mkate. Kupimwa kama mtu nusu hakuzoeleki.

Katika chuo cha Berlin Mzungu ndiye aliyekuwa mkuu wa somo, na Mswahili alikuwa msaidizi wake, ingawa lugha ilikuwa ya Mswahili. Kitabu cha *Desturi za Wasuaheli* kilipotoka, jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, mkuu wa somo. Ilipotolewa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake.

Mtoro alilalamika kwamba wanafunzi hawakumpa heshima anayostahili mwalimu. Alikuwa amefundisha nyumbani, akijua mwanafunzi hukaaje mbele ya mwalimu wake. Malalamiko hayo hayakumletea haki, na kazi yake katika chuo ikaisha. Mwaka 1904 alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alisafiri naye kurudi kwao, lakini serikali ya koloni haikuwaruhusu kukaa nchini kama mume na mke, na wakarudi Ujerumani. Hivyo mtu aliyezaliwa Dunda alizuiwa kukaa Dunda na mkewe, kwa amri ya watu waliokuja juzi. Baadaye alifundisha Hamburg, na alifariki Berlin mwaka 1927.

Habari za Mahjub ni nzito zaidi. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, na yeye mwenyewe aliingia jeshini akiwa mtoto katika vita vya 1914 mpaka 1918. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mshahara wa baba yake na wake, uliokuwa haujalipwa tangu vita. Aliambiwa kwamba muda wa kudai umepita. Alibaki Berlin, akawa mtumishi wa mezani katika jumba kubwa la starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kile kile, akaigiza katika filamu. Mwaka 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka huo huo chama cha Hitler kilishika serikali.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941, na ilimsifu Carl Peters, yule yule aliyezichukua karatasi za Usagara. Mwaka huo Mahjub alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin bila kuhukumiwa na mahakama, na alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 liliwekwa bamba dogo la shaba lenye jina lake katika barabara ya Brunnenstraße, mbele ya mahali alipokuwa akikaa.

Tunajifunza nini?

Haifai tuseme kwamba Berlin ni mji mbaya. Miji hubadilika kwa sababu watu wake hubadili mawazo. Ilikuwako barabara iliyoitwa Petersallee, na mwaka 1939 ilitangazwa kuwa ni ya heshima ya Carl Peters. Watu wa Berlin, weusi kwa weupe, waliidai ibadilishwe kwa miaka mingi. Mwaka 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu moja ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee, kwa ukumbusho wa vita vya wazee wetu vilivyoanza mwaka 1905.

Nawapa wanafunzi mambo matatu ya kushika. La kwanza, usitie sahihi karatasi usiyoifahamu. Jambo hilo liliwapata majumbe wa Usagara mwaka 1884, na laweza kumpata kijana wa leo anayeahidiwa kazi ya ng'ambo. La pili, ishike lugha yako. Watu hawa watatu waliajiriwa katika chuo kikubwa cha Ulaya kwa sababu ya Kiswahili chao, si kwa sababu walikisahau. La tatu, andika unayoyaona. Kwa kuwa Amur na Mtoro waliandika, leo tunaisikia sauti yao wenyewe. Lakini habari za Mahjub tunazipata zaidi katika karatasi za ofisi zilizomkataa.

Na mzazi ambaye mtoto wake atasafiri kwenda kusoma ng'ambo, amwulize katika barua si hali ya mji tu. Amwulize pia: je, watu wa huko wanakuheshimu, na wewe unawaheshimu?

Maswali

1. Kwa nini saa za Kiswahili zinafaa Kilosa na Mikumi, lakini zinamsumbua mtu akaaye Berlin mwezi wa Desemba?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe uhusiano wa Usagara na hati ya tarehe 27 Februari 1885.
3. Ni haki gani aliyoinyimwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, na ni ipi aliyoinyimwa Mahjub bin Adam Mohamed?
4. Mji wa Mikumi umepata jina lake kwa miti ya mikumi. Waulize wazee asili ya majina mawili ya mitaa au vijiji vya karibu na kwenu, kisha ueleze ni nani aliyeyatoa na kwa nini.
5. Andika barua ya ukurasa mmoja kana kwamba wewe ni Mswahili uliyefika Berlin mwaka 1891. Waeleze jamaa zako baridi, chakula na salamu za huko.