Kiungo Kisichofunguka: Namna ya Kutafuta Kosa katika Somo Lililohifadhiwa kwenye Kompyuta

Mwalimu anayeandaa ukurasa wa somo la historia kuhusu Kilwa Kisiwani, wenye viungo vya kufungulia picha za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, hutazamia kwamba picha hizo zitafunguka darasani kama zilivyofunguka nyumbani. Mara nyingi hazifunguki. Kipindi cha dakika 40 hakimngoji mtu. Mwalimu asiyejua pa kuanzia hupoteza nusu yake akibonyeza ovyo, na wanafunzi hukosa kuyaona magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hapana budi, basi, tujifunze kutafuta kosa kwa utaratibu.

Kwanza tuelewe kwamba kiungo si picha, bali ni maelekezo ya njia tu. Tuchukue mfano wa njia panda ya Nangurukuru. Msafiri atokaye Dar es Salaam huambiwa akate kushoto ili afike Kilwa Masoko. Atokaye Lindi akiyafuata maneno hayo hayo atajikuta katika njia ya Liwale. Maelekezo hayana kosa. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Kivinjari nacho hufuata maneno yalivyoandikwa, wala hakikisii.

Hatua ya kwanza: tusome anwani. Tukiweka kishale juu ya kiungo, anwani yake huonekana chini ya dirisha la kivinjari. Ikianza na file:///C:/ au file:///E:/, huenda imetaja diski ya kompyuta iliyotengenezewa somo. Kompyuta ya shule yaweza kuiita flashi ile ile kwa herufi D. Dawa yake ni kuweka ukurasa na picha katika folda moja, kisha kuandika njia fupi, kama picha/msikiti.jpg.

Hatua ya pili: tuhakikishe kwamba folda imehamishwa nzima. Anayenakili ukurasa peke yake huziacha picha nyuma. Vivyo hivyo, furushi la zip sharti lifunguliwe na mafaili yote yatolewe kwanza. Ukurasa ukifunguliwa ungali ndani ya furushi, huenda ukatoka wenyewe bila picha zake.

Hatua ya tatu: tulinganishe majina herufi kwa herufi. Kwa kawaida Windows huyahesabu Msikiti.JPG na msikiti.jpg kuwa jina moja, lakini Linux huyahesabu kuwa mawili. Yafaa tuzoee kutumia herufi ndogo tupu, bila nafasi kati ya maneno.

Hatua ya nne: tuulize ukurasa wenyewe umetoka wapi. Ikiwa anwani yake yaanza na http au https, kivinjari hukataa kufungua kiungo cha file hata kama njia ni sahihi. Mara nyingi hukaa kimya, bila kutoa onyo lolote. Hilo si kosa bali ni ulinzi, ili ukurasa wa mtu tusiyemjua usipate kuyagusa mafaili yaliyomo katika kompyuta yetu. Tusijaribu kuuondoa ulinzi huo. Tuweke ukurasa na picha upande mmoja: vyote katika flashi, au vyote katika seva.

Zoezi. Wanachuo wakae wawili wawili. Mmoja aharibu kiungo kimoja kwa siri, kwa kubadili jina, folda au anwani. Mwenzake atafute kosa kwa kufuata hatua nne, akieleza kwa sauti sababu ya kila hatua, kisha wabadilishane. Mwishoni kila jozi ijaribu somo lake katika kompyuta nyingine, mtandao ukiwa umezimwa. Somo lililofunguka katika kompyuta ya mtengenezaji peke yake bado halijajaribiwa, na halifai kupelekwa darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha.