Dondoo muhimu: Insulini na Sahani ya Ugali

Ndugu yetu uliyehamia La Rochelle, Johannesburg, ambako ugali wa sembe, uitwao pap, hukaribia kuwa faradhi ya kila mlo, tambua kwamba insulini ya kawaida hudungwa takriban dakika 30 kabla ya kula, ilhali ile ya kasi yatosha dakika 15 au pungufu, nami nakusihi usiidunge kabla hujahakikisha chakula kipo.

Saa 2 baada ya mlo pima sukari ya damu. Ikizidi milimoli 10 kwa lita, usiongeze dozi kwa pupa, kwani ile ya kwanza yaweza kuwa ingali ikifanya kazi, bali andika kipimo daftarini umwonyeshe tabibu. Ikishuka chini ya 4, nawe watetemeka na kutoka jasho, koroga sukari vijiko 3 vya chai majini, unywe hima, kisha upime tena baada ya dakika 15.