Kuchagua Mnyororo wa Pikipiki Unaodumu: Somo kwa Madereva na Wamiliki wa Bodaboda

Tangu enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, nchi ya Unyamwezi imejulikana kwa uchukuzi. Mizigo iliyobebwa mabegani na wapagazi leo hubebwa kwa sehemu kubwa na pikipiki. Katika Wilaya ya Uyui, mwananchi aliye mbali na barabara ya lami hutegemea bodaboda kumfikisha mama mjamzito kituo cha afya, kupeleka mazao sokoni na kufuata huduma za Halmashauri hapa Isikizya. Nguvu yote ya injini hufika gurudumu la nyuma kwa njia moja tu, nayo ni mnyororo, ambao wengi wetu huuita cheni. Ukikatika porini usiku, safari imekwisha. Ukijikunja kwenye sproketi ya mbele, unaweza kufunga gurudumu ghafla na kumwangusha dereva pamoja na abiria wake. Somo hili linaeleza namna ya kuuchagua na kuutunza.

Kwa nini mnyororo huchakaa

Watu husema mnyororo umevutika. Kwa kweli mabamba ya chuma hayavutiki. Kinacholika ni pini na bushi zilizo ndani ya kila kiungo. Kila pini ikilika kidogo, nafasi huongezeka, na mnyororo mzima huwa mrefu. Mnyororo ukisharefuka hauketi vizuri kwenye meno ya sproketi. Huyapanda na kuyachonga mpaka yakawa kama ndoano.

Adui mkubwa hapa kwetu ni mchanga. Wakati wa kiangazi vumbi la kichanga huingia viungoni na kusaga chuma kama tupa. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hushikamana na mnyororo na maji huondoa mafuta. Zaidi ya hayo, mnyororo huumizwa na mvuto wa ghafla kuliko mwendo. Waendeshaji wa pikipiki za mashindano ya kupanda miamba hulijua jambo hili: huenda polepole, lakini kila wanapojinasua kwenye mwamba mnyororo hupokea pigo. Ndivyo ilivyo kwa bodaboda yenye abiria na gunia la karanga inapojinasua kwenye mchanga.

Mambo manne ya kuangalia dukani

Kwanza, namba. Hugongwa kwenye mabamba na huandikwa kwenye boksi. Katika namba 428, tarakimu ya kwanza inaonyesha umbali kati ya pini na pini: nusu inchi, yaani milimita 12.7. Namba 420 ina umbali huohuo, lakini nafasi yake ya ndani ni milimita 6.35, wakati ya 428 ni milimita 7.94. Kwa hiyo hazibadilishani, hata kama kwa macho zinafanana. Nunua namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Pili, unene. Herufi H baada ya namba, kama 428H, huonyesha kwamba mabamba ni mazito kuliko ya 428 ya kawaida. Kwa pikipiki ya kubeba abiria na mizigo, unene huo una faida.

Tatu, idadi ya viungo. Mnyororo mfupi hautafika. Mrefu kupita kiasi utamaliza nafasi ya kukazia mapema. Hesabu viungo vya ule wa zamani kabla ya kwenda dukani.

Nne, aina. Mnyororo wa kawaida hutegemea mafuta unayoyaweka wewe. Mnyororo wenye pete za mpira huhifadhi grisi ya kiwandani ndani ya viungo na kuzuia mchanga kufika kwenye pini. Huu bei yake ni kubwa, lakini katika njia za kichanga hudumu zaidi. Kwa kuwa ni mpana kidogo, fundi ahakikishe haugusi kava la injini.

Kabla ya kulipa, kunja kiungo kimoja kimoja: vyote viwe vyepesi. Laza mnyororo ubavu na uuinue; ukipinda sana upande, uuache. Linganisha jina lililogongwa kwenye chuma na lile la boksi, kisha dai risiti.

Badilisha seti nzima

Mnyororo mpya juu ya sproketi kuukuu hulika upesi. Meno yakiwa yamechongoka, badilisha vyote vitatu: mnyororo, sproketi ya mbele na ya nyuma. Klipu ya kiungo ifungwe upande wake ulioziba ukitangulia kule mnyororo unakokwenda. Ikifungwa kinyume yaweza kuchomoka.

Kupima uchakavu

Kwa mnyororo wa milimita 12.7, zima injini, vuta mnyororo ukazike, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ukiwa mpya urefu huo ni milimita 254. Ukifika milimita 259, umerefuka kwa takriban asilimia 2, nao ustahili kubadilishwa. Pima sehemu mbili au tatu, kwani haulikī sawasawa.

Matunzo

Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa. Kuzungusha gurudumu kwa injini huku ukishika kitambaa kumewakata watu vidole. Usitumie petroli, hasa kwenye mnyororo wenye pete za mpira. Usipake oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu ina chembe za chuma zinazosaga viungo. Tumia oili ya gia, kisha futa inayozidi ili isikamate vumbi. Fanya hivyo kila kilomita 500 hivi, na mapema zaidi baada ya mvua.

Ulegevu wa mnyororo kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Fuata kitabu chako. Usiukaze mno: abiria akipanda hukazika zaidi na kuumiza beringi. Pikipiki iliyokuja na kava la mnyororo isiondolewe kava hilo. Huzuia mchanga, na huzuia kanga au kitenge cha abiria kunaswa.

Hesabu ya mwenye pikipiki na dereva

Chukua mfano wa hesabu tu. Mnyororo wa shilingi 12,000 ukidumu miezi 3, gharama ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Wa shilingi 20,000 ukidumu miezi 8, gharama ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Ndiyo maana wahenga walisema rahisi ghali.

Lakini dereva anayepeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki mara nyingi hununua ule wa bei ndogo, maana fedha zinatoka mfukoni mwake naye hajui kama pikipiki hiyo atakuwa nayo mwezi ujao. Inafaa wawili hao wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani hununua seti na nani huitunza. Wawe na daftari moja lenye tarehe ya kufunga mnyororo, kilomita zilizosomeka siku hiyo, na kipimo cha pini 21 kila mwezi. Vikundi vya bodaboda katika kata vinaweza kuweka daftari kama hilo na rula moja kijiweni, ili kila mwanachama apime kabla ya kupakia abiria wa safari ndefu.